Muhogo, Dagaa na Pumzi

Hotuba kwa wazazi, wanafunzi na wachakataji wa dagaa, mwalo wa Igombe, Mwanza

Wazazi wangu, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo. Na ninyi mliotoka kuanua dagaa mkaja moja kwa moja hapa bila hata kupitia nyumbani, mwangaluka!

Niliombwa nije nizungumze juu ya lishe. Nimefundisha kemia na baiolojia kwa miaka 28, na nimeona jinsi neno hilo linavyowachosha watu kabla sijafika katikati. Mama anajua tayari atakachoambiwa: mpe mtoto mayai, mpe matunda, mpe maziwa. Anaitikia kwa heshima, anarudi nyumbani, mayai hana. Kwa hiyo leo nitaanzia pengine. Nataka tufuate chakula kikishapita kooni, tuone kinafanya kazi gani huko ndani. Nitatumia vitu viwili ambavyo kila aliyekaa hapa anavyo, muhogo na dagaa, na kitu cha tatu tusichokinunua, pumzi. Mkinielewa hapo, sahani ya mtoto mtaipanga wenyewe bila mimi.

Tuanze na samaki.

Mnunuzi mzoefu wa sangara hana haja ya kuuliza samaki ametoka majini lini. Anamwinua kwa kichwa. Mwili ukisimama kama ubao, anajua huyu ni wa karibuni. Aliyetolewa wavuni sasa hivi ni laini, anapinda. Muda ukipita anakakamaa, na muda mwingine ukipita analegea tena, na hapo bei inashuka. Hilo mnalijua kuliko mimi. Lakini mmewahi kujiuliza kwa nini mfu akakamae? Tungetegemea aliyeishiwa nguvu alegee.

Msuli umeundwa kwa nyuzi za protini zinazoshikana na kuachiana. Zikishikana, msuli unajikunja. Zikiachiana, unanyooka. Sisi hudhani nguvu inahitajika kwenye kushika tu. Ukweli ni kwamba hata kuachia kunalipiwa, na malipo yenyewe ni molekuli ndogo inayoitwa adenosini trifosfati, ambayo duniani kote huitwa kwa kifupi ATP. Samaki akifa, mashavu hayaleti tena oksijeni, ATP inakwisha, nyuzi zilizoshikana zinabaki zimeshikana. Hapo ndipo anapokakamaa. Analegea baadaye kwa sababu vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kemia ya mwili, vimeanza kuzikata nyuzi zenyewe.

Na sisi tuko hivyo hivyo. Waliowahi kuosha maiti wanajua kwa nini wazee huhimiza viungo vinyooshwe mapema. Nalisema jambo hili kwa heshima, maana kitabuni halikuniingia. Nililielewa siku tulipomhifadhi baba yangu. Ulaini wa mkono wa mtu aliye hai, huo ulaini tu, ni kazi. Kuna kitu kinatengenezwa humo ndani kila sekunde ili mkono ubaki laini.

ATP ina mkia wa fosfeti tatu. Ya mwisho ikikatwa, nishati inatoka, na kazi inafanyika: moyo unapiga, chumvi inasukumwa nje ya seli, wazo linapita ubongoni. Molekuli iliyobaki haitupwi. Inarudi kuwekewa fosfeti nyingine, kama betri za zile taa zenu za dagaa zinavyorudi kuchajiwa asubuhi. Wanasayansi waliitambua mwaka 1929, Karl Lohmann kule Ujerumani, na mwaka huo huo Fiske na SubbaRow kule Marekani. ATP iliyomo mwilini mwa mtu mzima kwa wakati mmoja haifiki nusu kilo. Lakini ukijumlisha yote anayoitumia na kuichaji upya kutwa nzima, uzito wake unakaribia uzito wa mwili wake mwenyewe. Mwanamke wa kilo 60 amechaji karibu kilo 60 za ATP tangu jana saa hizi. Mwili hauna ghala la kuitunzia, ndiyo maana ukimzuia mtu pumzi dakika chache tu unampoteza, hata kama ameshiba.

Inachajiwaje? Ugali wa muhogo ni wanga, na wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi, sukari ndogo. Mate na utumbo huukata mnyororo huo, glukosi ikaingia kwenye damu, damu ikaifikisha kwenye seli. Ndani ya seli glukosi hupasuliwa kwa hatua 10, na faida yake ni ATP 2. Mbili tu! Ila zinapatikana haraka na bila oksijeni, na hilo lina maana yake. Mvuvi aliyekatikiwa na injini upepo ukiwa umeanza, akashika kasia na kulipiga kwa nguvu zake zote, misuli yake inadai nishati haraka kuliko pumzi inavyoweza kuleta oksijeni. Kinachomwokoa ni zile hatua 10. Glukosi iliyopasuliwa hugeuzwa kuwa laktiki ili kazi isisimame. Watu husema maumivu ya mwili kesho yake yanaletwa na hiyo laktiki. Si kweli. Ndani ya saa moja au mbili imeshaondoka, nyingine imechomwa na moyo, nyingine ini limeirudisha kuwa glukosi. Maumivu ya kesho yake ni ya nyuzi zilizochanika kidogo na zinajikarabati.

Nishati nyingi inatoka kwenye chumba kingine, kidogo mno, ndani ya seli. Kinaitwa mitokondria. Huko vipande vya glukosi huingizwa katika mzunguko wa kemikali, vinavuliwa kaboni inayotoka kama hewa ukaa, na vinavuliwa elektroni, chembe ndogo mno zenye umeme. Hewa ukaa mnayoitoa puani sasa hivi ina kaboni ya ugali mliokula jana.

Aliyeugundua mzunguko huo ni Hans Krebs. Wanafunzi, mkumbuke huyu mtu. Alikuwa daktari Mjerumani wa ukoo wa Kiyahudi. Mwaka 1933 sheria za Wanazi zilimwondoa kazini, akakimbilia Uingereza. Huko Sheffield, akitumia misuli ya kifua cha njiwa iliyosagwa, mwaka 1937 akaupanga mzunguko wote. Akaandika, akapeleka kwenye jarida la Nature, wakamjibu kwamba barua walizo nazo zinatosha wiki kadhaa, hawana nafasi. Akapeleka kwingine. Mwaka 1953 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo hiyo. Ninawaambia wanafunzi wangu hadithi hii kila mwaka, hasa wale waliorudishiwa karatasi zao zimejaa wino mwekundu.

Sasa zile elektroni zilizovuliwa. Hizi zinapokezanwa kutoka protini moja hadi nyingine kwenye ngozi ya ndani ya mitokondria, na kila zinapopokezanwa, protoni, chembe za hidrojeni zenye chaji, zinasukumwa upande wa pili wa ngozi hiyo. Protoni zikijaa upande mmoja zinataka kurudi, kama maji yaliyozuiwa na bwawa. Njia yao ya kurudi ni kupitia kwenye gurudumu. Nasema gurudumu na ninamaanisha gurudumu. Ni protini inayozunguka kweli, inaweza kufikisha mizunguko 100 kwa sekunde, na kila mzunguko mmoja unatoa ATP 3. Peter Mitchell alipolieleza wazo la protoni mwaka 1961 wengi walimpinga kwa miaka mingi. Nobel yake ilikuja 1978. Glukosi moja iliyopita njia hii yote inatoa ATP kama 30 hivi. Linganisheni na zile 2 za mwanzo.

Na oksijeni? Imesubiri mwisho kabisa wa mstari. Kazi yake ni kuzipokea elektroni zilizokwisha kazi na kuzigeuza, pamoja na hidrojeni, kuwa maji. Basi. Karibu oksijeni yote ambayo mwili unaitumia inaishia pale. Fikirini kivuko cha Kamanga. Magari yanaingia upande huu wa Mwanza kwa sababu yanashuka upande ule. Siku mlango wa kushukia ukikwama, huku nyuma foleni inarudi mpaka mjini, hata kama kila gari lina mafuta na kila dereva yuko tayari. Shikeni picha hiyo. Nitaihitaji baadaye kidogo, tukifika Tarime.

Kwanza dagaa.

Dagaa waliokauka vizuri kwenye chanja, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Protini huundwa kwa asidi amino, ambazo ziko za aina 20. Mwili wetu unaweza kujitengenezea baadhi. Lakini ziko 9 ambazo hatuwezi, lazima ziingie kwa mdomo. Kati yao leo nataka mjue majina mawili: lisini na methionini.

Fundi mitumbwi anajua kwamba mtumbwi unataka mkuku, mataruma, mbao na misumari. Ukimletea mbao za kujengea mitumbwi kumi na misumari ya mtumbwi mmoja, atajenga mmoja. Mwili nao uko hivyo. Asidi amino moja ikipungua, ujenzi wote unaishia pale ilipoishia hiyo moja, hata zingine ziwe tele. Mahindi yana upungufu wa lisini. Maharage yana lisini nyingi, ila methionini yake ni kidogo. Aliyechanganya viwili hivyo sufuria moja akaita makande alitatua tatizo la kemia, na sisi tukakiona ni chakula cha shuleni tu. Mimi makande nayaheshimu.

Hapa kuna jambo moja zito, na ndilo lililonifanya nikubali kuja. Tumezoea kusema akiba haiozi. Kwa mafuta, sawa, mwili unayaweka tumboni na mapajani. Kwa wanga, sawa kiasi, ini na misuli huweka kidogo. Kwa asidi amino mwili hauna ghala. Zile zisizotumika kujenga leo, zinavuliwa nitrojeni na kilichobaki kinachomwa kama kuni. Nitrojeni hiyo ikiwa amonia ni sumu, kwa hiyo ini linaigeuza kuwa urea, tunaikojoa. Njia hiyo ya urea nayo aliigundua Krebs, mwaka 1932, akiwa na kijana aliyeitwa Kurt Henseleit, kabla hajafukuzwa kwao.

Sasa mfikirieni mtoto wa miaka miwili, ameachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake yuko njiani. Anapewa uji mwepesi, mwingi maji. Mama amesikia habari za protini, amejitahidi, ametia unga wa dagaa. Lakini uji wenyewe ni mwepesi mno, nishati haitoshi. Ubongo wa mtu mzima, ambao ni kama asilimia 2 ya uzito wake, unakula karibu asilimia 20 ya nishati. Wa mtoto unakula sehemu kubwa zaidi ya hiyo. Seli hazisubiri. Zitachukua asidi amino za wale dagaa, zivue nitrojeni, zichome. Mtoto amekula mataruma na mbao, na vyote vimegeuka kuni. Mama anashangaa mtoto hakui na dagaa anakula.

Dawa yake iko jikoni. Uji uwe mzito, na kijiko cha mafuta ya alizeti au karanga zilizosagwa kiingie humo. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9. Ya wanga au ya protini ina 4. Mafuta yawe ndiyo kuni, ili dagaa wabaki kuwa mbao.

Na mwenzake, yule anayeshiba ugali wa muhogo kutwa mara mbili kwa mchicha mtupu, ana kuni nyingi bila mbao. Muhogo ni mzuri kwa nishati, lakini protini yake ni ndogo sana. Ndiyo huyo anayevimba miguu, nywele zikafifia, akakosa hamu hata ya kucheza. Daktari Cicely Williams aliuandika ugonjwa huo miaka ya 1930 kule Ghana, akalitumia jina walilokuwa wakilitumia akina mama wa kabila la Ga, kwashakoo, ugonjwa wa mtoto anayepata mdogo. Akina mama walikuwa wamekwisha kuliona chanzo.

Lakini muhogo una jambo lingine, na hapa naomba watoto waache kuzungumza.

Mwaka 1985, wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara, ukame ulikuwa mkali. Kilichosalia shambani ni muhogo mchungu, maana huo unastahimili. Njaa ilipobana, watu wakafupisha hatua za kuutayarisha. Na kitoweo hakikuwepo. Kisha watu, wengi wao watoto na wanawake, wakaanza kuamka miguu yote miwili imekakamaa. Haikuwa homa, wala polio. Ugonjwa unaitwa konzo, neno la Wayaka wa Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Miguu hiyo hainyooki tena maisha yote. Msumbiji, mkoa wa Nampula, mwaka 1981, ukame kama huo ulikuwa umewapiga zaidi ya watu 1,000.

Muhogo mchungu una kemikali iitwayo linamarini. Mzizi ukisagika, kimeng'enya cha muhogo wenyewe huikuta linamarini na kuitoa sayanaidi. Ndiyo, ile ile wanayoitumia wachenjuaji wa dhahabu kule Geita. Na sayanaidi, ikiingia kwenye seli, inakwenda kukaa mahali pamoja: protini ya mwisho ya ule mstari, inayoikabidhi oksijeni elektroni. Mlango wa kushukia kivuko. Oksijeni ipo kwenye damu, glukosi ipo, gurudumu lipo, na hakuna kinachozunguka.

Kwa kiasi kidogo mwili unajitetea. Una kimeng'enya kinachoitwa rodanesi, kinachoibandika sayanaidi chembe ya salfa, ikawa kitu kisicho kikali, kikatoka na mkojo. Salfa hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye asidi amino zenye salfa, methionini na mwenzake sisteini. Ile methionini ambayo maharage wanayo kidogo. Ile ambayo dagaa wanayo ya kutosha. Tena salfa iliyotumika kuzima sumu haijengi tena mwili wa mtoto, imekwenda. Kwa hiyo anayekula muhogo kila siku anahitaji samaki kuliko anayekula wali.

Nilizaliwa Ukerewe. Bibi yangu alimenya muhogo, akauloweka, akauvundika chini ya majani, akauparua, akauanika, ndipo akatwanga udaga. Kazi ya siku nyingi. Na ugali wa udaga hakuutenga mezani bila kitu cha ziwani, hata kama ni furu watatu. Nikiwa kidato cha pili nilimwambia anapoteza muda. Hakunijibu, aliendelea kuparua. Miaka ilipita nikiwa nimesimama mbele ya darasa, kabla sijaelewa kwamba kuloweka na kuvundika ndiko kunakozivunja kuta za seli za muhogo, kimeng'enya kikaifikia linamarini, na sayanaidi ikapotelea kwenye maji na hewani badala ya kupotelea kwa wajukuu zake. Bibi alikuwa ameshakufa.

Kwa hiyo naombeni mnisikilize kwenye mambo ya kufanya. Muhogo mchungu msiupike ukiwa mbichi, wala msiutwange kabla ya kuuloweka kwa sababu njaa imebana. Uloweke siku 3 au zaidi, mpaka ulainike wote, maji yamwagwe. Mimi napendekeza kuloweka kuliko kuvundika, kwa sababu ukungu mwingine una sumu yake. Ukinunua unga sokoni usioujua ulitokana na muhogo gani, uchanganye na maji, utandaze mwembamba kwenye ungo au turubai, uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini, ndipo usonge ugali siku hiyo hiyo. Njia hiyo aliibuni Howard Bradbury wa Australia, haihitaji shilingi moja, na inatoa sehemu kubwa ya sayanaidi iliyobaki. Mtoto akiamka miguu yote miwili imekaza au haina nguvu, hospitali siku hiyo hiyo.

Na kuhusu dagaa nina ombi. Nawaona hapa Igombe na kule Kirumba magunia yakipakiwa, mengi yakienda kusagwa kuwa chakula cha kuku. Biashara ni biashara, ada ya shule inatoka humo, sina neno. Lakini nimeingia nyumba za wachakataji nikakuta watoto wanakula ugali kwa chumvi siku ambayo mama yao ameuza magunia. Hilo linaniumiza moyo. Kabla hamjapima la mteja, mtoeni mtoto sehemu yake. Konzi moja ya mkono, iliyooshwa mchanga, ikakaangwa kavu, ikasagwa. Mbalamwezi ikija wavuvi wasipoingia ziwani, kopo la unga huo liwepo juu ya kabati.

Sasa nimemaliza upande wangu. Pale chini ya mwembe kuna beseni mbili. Ya kwanza muhogo niliuloweka asubuhi hii, ya pili tangu Jumatano. Njooni mbonyeze kwa kidole, muone mzizi unavyokuwa ukiwa tayari, msichana huyu atawamwagia maji mnawe. Wa beseni la kwanza, tafadhali, mtoto yeyote asiuonje.